Ufagio wa Mwanza

Mhadhara uliotolewa Kabungu, Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, mbele ya wazee, walimu na wanafunzi

 

Nimeombwa nizungumzie kumbukumbu za vita na wazee wanaoondoka nazo. Nitaanzia mbali kidogo na hapa, Mwanza, mwaka 1964.

Mwezi Machi mwaka huo alifariki huko Ujerumani jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeliongoza jeshi la Mjerumani katika nchi yetu kuanzia 1914 hadi 1918. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kwamba askari Waafrika waliopigana chini yake, wale waliokuwa bado hai, walipwe malimbikizo ya mishahara yao. Mtu wa benki akatumwa Mwanza. Inasimuliwa, na kisa hiki kimechapishwa vitabuni mara nyingi, kwamba walijitokeza wazee wapatao 350. Wachache walikuwa na vyeti walivyopewa na Lettow-Vorbeck vita vilipokwisha. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi walikuja mikono mitupu. Basi yule mtu wa benki akampa kila mzee ufagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani: silaha begani, silaha chini, geuka kulia. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyekosea. Wakalipwa.

Kila ninaposimulia kisa hiki watu hucheka, kama mnavyocheka sasa. Kimepitia midomo mingi, na sitashangaa kama kimeongezwa chumvi. Lakini hata ukiipunguza chumvi, bado kuna jambo la kututia uchungu. Miaka karibu hamsini baada ya vita, walipokumbukwa hatimaye, wale wazee waliulizwa swali moja tu: je, unajua kushika bunduki? Hakuna aliyewauliza walikula nini kule Mahenge, walimzika nani njiani, au mke aliyefuata msafara alijifungulia chini ya mti gani. Mzee aligeuka kulia, akahesabiwa, akatia fedha mfukoni, akarudi kwake na vita vyake vyote kichwani.

Swali tunalompelekea mzee ndilo linaloamua atatuachia nini. Na kwa askari wa vita vile, maswali yalikuwa mabovu mara tatu mfululizo. Hiyo ya Mwanza ni moja.

Kabla sijafika kwenye hizo mbili nyingine, niwaonyeshe vijana kwamba vita ninavyovisema vilipita mlangoni kwetu. Mnavisoma darasani kana kwamba ni vya Ufaransa na mahandaki yake. Ziwa Tanganyika, lile la kule Karema na Ikola, lilikuwa uwanja wa mapigano. Mjerumani alikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoundwa mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer kule Papenburg, ikafumuliwa vipandevipande, ikatiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa meli nyingine na Kigoma kwa reli, ikaundwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, wakazipitisha kwa nchi kavu ndani ya Kongo, kwa treni, kwa kamba na kwa mabega ya watu. Desemba 26, 1915 waliiteka Kingani, boti ya Mjerumani. Februari 9, 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Julai mwaka huo Wabelgiji walipoikaribia Kigoma, Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe. Ila mafundi waliopewa kazi hiyo waliipaka mitambo grisi kwanza, nene, kila mahali, ili siku moja itolewe ikiwa nzima. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena safari ikiitwa Liemba. Wazee waliopo hapa wameipanda. Mwaka 2015 ndiyo iliyowabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga kwenda Kigoma.

Nimeikawilia meli hii kwa makusudi. Mafundi watatu wa Papenburg walioijenga Kigoma majina yao yanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Vitabu vimeandikwa juu yao na meli yao. Watu waliobeba yale makasha pale reli ilipokuwa haijafika vizuri, waliokata kuni za kuilisha, hao hawana majina. Chuma kilipakwa grisi. Watu hawakupakwa.

Kutoka ziwani vita vilikwenda nchi kavu. Wabelgiji na askari wao wa Kongo chini ya Jenerali Charles Tombeur waliingia Tabora Septemba 19, 1916. Jeshi la Mjerumani la upande huu, chini ya Jenerali Kurt Wahle, lilirudi nyuma kuelekea Iringa, likipita katikati ya nchi kwa miguu. Jeshi hilo lilitegemea wapagazi badala ya malori. Kila risasi, kila gunia la unga, kila kitanda cha afisa, kilikuwa juu ya kichwa cha mtu. Kwa upande wa Mwingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufikia 100,000 hivi, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, baridi na njaa. Pale Dar es Salaam, Sanamu la Askari lililozinduliwa 1927 limewataja wapagazi pamoja na askari. Lakini ni la wale waliomtumikia Mwingereza. Aliyembebea Mjerumani hakujengewa kitu, wala sisemi alistahili sanamu. Nasema alistahili kusikilizwa.

Mwisho wa vita nao ulipita hapahapa. Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo, Novemba 25, 1918, siku 14 baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Alikuwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na mamia ya wanawake na watoto wao. Walitembea hadi Kasanga, ambayo Wajerumani waliiita Bismarckburg, wakapandishwa vyombo vya majini kuelekea Kigoma, kisha treni. Wazungu walipelekwa Dar es Salaam na baadaye kwao. Waafrika waliwekwa kambini Tabora, na huko yakawakuta yale mafua makali ya mwaka 1918 yaliyoua watu dunia nzima. Kwa hiyo jeshi lile la mwisho lilipita ziwani mbele ya Karema likiwa limeshashindwa na likiwa na njaa. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka kumi siku hiyo, akitazama kutoka ufukweni, angeweza kuishi hadi zama za Azimio la Arusha na kuyasimulia.

Na Karema palikuwa na mtu ambaye aliulizwa. Adrian Atiman alizaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utotoni akauzwa, akakombolewa na mapadri wa White Fathers, akasomea udaktari Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ambako alitibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Hesabuni: zaidi ya miaka sitini na sita mahali pamoja. Alimwona Mjerumani akija, akamwona akiondoka. Mwaka 1946 maisha yake, kwa maneno yake mwenyewe, yalichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Ndiyo maana leo ninaweza kuwaeleza habari zake bila kubahatisha. Alikuwa daktari na katekista, alijua kusoma na kuandika, alikuwa na wamisionari waliopenda kumsikiliza. Mpagazi aliyeletwa kwake na kidonda mguuni alikuwa na habari nzito kuliko zile, ila hakuwa na jarida.

Sasa swali la pili.

Baina ya vita viwili vya dunia Wajerumani walimkumbuka sana askari wao wa Afrika. Walimchora, wakamtungia sifa, wakamwita mwaminifu. Mwaka 1939 kambi ya jeshi kule Hamburg, eneo la Jenfeld, ilipewa jina la Lettow-Vorbeck, ikawekewa sanamu za ukutani zinazomwonyesha Mjerumani akitangulia na askari Waafrika wakifuata. Zipo mpaka leo. Askari huyo wa sanamu alitakiwa athibitishe jambo moja: kwamba Mjerumani alikuwa bwana mzuri, na kwa hiyo arudishiwe makoloni. Hayo ndiyo yalikuwa maulizo yao kwa kumbukumbu ya vita. Jibu lilishaandikwa kabla ya swali.

Mtu mmoja alikwenda na jibu tofauti. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Ujerumani walimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa askari wa asili ya Sudan katika jeshi la Mjerumani. Vita vilipoanza, mtoto wa miaka kumi aliingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa na kutekwa na Waingereza. Baadaye akawa baharia na mhudumu kwenye meli, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda hadi Wizara ya Mambo ya Nje Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake. Akaambiwa muda wa madai umekwisha. Akabaki. Akawa mhudumu wa mgahawa, akafundisha Kiswahili kwenye chuo kikuu cha Berlin, akaoa Mjerumani mwaka 1933, akaigiza kwenye filamu, mara nyingi akiwa mtumishi au askari mwaminifu. Aliomba nishani ya wapiganaji wa vita kuu, akanyimwa. Akaipata kwa njia yake mwenyewe na kuivaa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo Novemba 24, 1944. Wakati yuko kambini, filamu ya Carl Peters aliyoigiza ilikuwa imeshaonyeshwa.

Wanafunzi, mkitaka kujua tofauti ya kukumbukwa na kusikilizwa, someni maisha ya huyu bwana. Nchi ile ilimpenda alipokuwa picha. Alipofungua mdomo akasema nilipeni deni langu, alikuwa msumbufu. Leo mbele ya nyumba moja aliyoishi Berlin kuna jiwe dogo la shaba lenye jina lake, na mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst ameandika kitabu kizima kumhusu. Yote hayo yaliwezekana kwa sababu madai yake yalibaki kwenye majalada ya serikali. Ukarani wa Kijerumani ulimsikiliza kuliko Wajerumani.

Swali la tatu linatuhusu sisi wenyewe, na hapa najua kuna walimu watanikasirikia.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifanya kazi ambayo mimi naihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora za kitaaluma zilizowahi kufanywa nchini. Chini ya John Iliffe na Gilbert Gwassa, wanafunzi walirudi vijijini kwao kusini, Kilwa, Songea, Mahenge, Liwale, wakawauliza wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walikuja na madaftari yaliyojaa. Bila wao tungebaki na taarifa za maafisa wa Kijerumani tu. Wakati huohuo Isaria Kimambo alikuwa amewasikiliza wazee wa Upare na kuandika historia yao. Taifa lilikuwa na umri wa miaka saba, lilikuwa linatafuta mashujaa wake, na likawapata.

Lakini tazameni miaka. Mzee aliyepigana Maji Maji akiwa na miaka 20 alikuwa amevuka 80 wakati ule. Mzee aliyepigana vita vya 1914 alikuwa na 70 na kitu, bado ana nguvu, bado anacheza bao barazani. Kijana mwenye daftari alipita mbele ya baraza hilo akaenda nyumba ya pili. Kwa nini? Mimi naona sababu iko wazi: yule wa pili alimpigania mkoloni. Pengine mwenyewe, au baba yake, ndiye aliyewachomea wa kusini vijiji mwaka 1906. Hakuwa na nafasi kwenye hadithi tuliyotaka kuisikia. Siwalaumu; ningekuwa mwanafunzi mwaka 1968 ningefanya hivyohivyo, na ningejiona mzalendo. Kenya, Geoffrey Hodges aliwafuata wapagazi wa vita vile wakiwa wazee. Malawi, Melvin Page aliwafuata askari na wapagazi miaka ya 1970. Sisi tuliokuwa na uwanja wenyewe wa vita tulichagua masikio yetu.

Ulaya kwenyewe hawakuwa malaika. Mwanajeshi wa mwisho wa Ujerumani wa vita vya kwanza anayejulikana, Erich Kästner, alifariki Januari 1, 2008 akiwa na miaka 107, na nchi yake haikutambua siku hiyo kwamba amekwisha, maana haikuwa ikiwaorodhesha. Walioshindwa vita wana haya ya kuvitaja, na serikali zao zina haya zaidi. Uingereza walikuwa na Harry Patch. Huyu alikaa kimya hadi alipokaribia miaka 100, hata nyumbani kwake hakusimulia. Kisha akaanza kusema, akasema mfululizo hadi alipofariki mwaka 2009 akiwa na 111. Mzee kukaa kimya miaka themanini si ushahidi kwamba hana la kusema. Labda hakuna aliyekaa naye muda wa kutosha.

Waliokwenda vita vya pili, askari wa Keya, takribani 87,000 kutoka Tanganyika, waliopigana Uhabeshi, Bukini na misitu ya Burma, nao karibu wote wamekwenda. Tunao mashahidi wa vita wa aina mbili walio hai, na wote tunaishi nao.

Wa kwanza ni wapiganaji wa Vita vya Kagera. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kijana aliyeondoka na mgambo akiwa na miaka 18 alizaliwa 1960. Piga hesabu wewe mwenyewe. Wapo Mpanda, wapo vijijini, wengine ni walinzi wa usiku kwenye maghala.

Nilimwendea mmoja wao, mtu wa mgambo, sitamtaja jina. Swali langu la kwanza lilikuwa, "Mzee, vita vilikuwaje?" Akakaa vizuri, akanipa hotuba. Nduli alitukosea, tukamwonyesha, tukarudi na ushindi. Ni kweli kila neno, na kila neno nilishawahi kulisikia redioni. Nikaona tumefika mwisho. Basi nikamuuliza juu ya viatu. Akanyamaza, akavua ndala ya mguu wa kulia, akanionyesha kidole kisicho na ukucha. Hapo ndipo tukaanza. Buti walizopewa, za kwake zilikuwa ndogo. Alizipasua mbele kwa kisu. Masika ya 1979 yaliwakuta barabarani, mchana wanatembea, usiku wanalala kwenye tope, na soksi ikivuliwa inatoka na ngozi. Kule Masaka wanakijiji waliwapikia matoke. Yeye ni mtu wa ugali, alikula sinia zima akalala akiamini hajala. Akacheka sana hapo. Kisha akaniambia jina la rafiki yake waliyekuwa wakigawana blanketi, kijiji alichotoka, na jinsi alivyokufa. Hilo halikuwa kwenye hotuba.

Mkewe alikuwa akichambua maharage pembeni. Nilipokuwa nafunga daftari akasema, "Na mimi hamniulizi?" Akasema miezi ile alikuwa akienda kila jioni kusikiliza redio ya jirani, Radio Tanzania Dar es Salaam, halafu akaacha. "Walikuwa wanataja miji tu, hawataji watu." Hakuwa na barua, hakuwa na mshahara, alikuwa na mtoto mchanga na mama mkwe mgonjwa. Mwalimu Nyerere alisema tufunge mkanda miezi 18. Yeye anakumbuka kwamba sabuni haikurudi dukani mpaka yule mtoto alipoanza shule. Nilikaa saa nyingine mbili. Kama mna nafasi ya kumsikiliza mtu mmoja tu katika nyumba ya mpiganaji, nawashauri muanze na huyo anayechambua maharage.

Wa pili ni ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba na Mishamo. Walikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, yaliyoanza mwishoni mwa Aprili. Katumba ikafunguliwa mwaka uliofuata na Mishamo miaka michache baadaye. Wengi wao ni raia wenzetu kwa hati tangu mwaka 2014, watu wapatao 162,000 wakihesabiwa na wa Ulyankulu. Mwaka 1985 na 1986 msomi Liisa Malkki alikaa Mishamo akiwasikiliza, akasikiliza pia Warundi wa asili hiyohiyo waliokuwa wakiishi mjini Kigoma. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995. Aligundua kitu cha kustaajabisha: watu waliokimbia mauaji yaleyale walikuwa na kumbukumbu za sura mbili. Kambini, ambako wote waliishi pamoja na kujadiliana kila siku, simulizi ilikuwa moja, imepangika, ina mwanzo na mafundisho, karibu iwe kama msahafu. Mjini, ambako kila mtu alijichanganya na wenyeji akitafuta riziki, ilikuwa vipande tu, na wengi walipendelea kuzungumzia mambo mengine.

Sura ipi ni ya kweli? Zote mbili. Ndiyo maana nawaomba walimu msiridhike na mzee anayesimulia vizuri. Anayesimulia vizuri ameshasimulia mara nyingi, na kila mara ameondoa kitu. Mtafuteni na yule anayebabaika.

Nisizungumze kama padri; niseme ya kazi. Simu zenu zinarekodi sauti, zinatosha. Zimeni mtandao kwanza. Nina rekodi ambamo mama anafika mahali anapomtaja mwanawe aliyeachwa njiani, na hapohapo unaingia mlio wa ujumbe wa M-Pesa. Alikatika, hakurudi tena hapo. Msiende watano. Msiende na karatasi ya maswali ishirini, mzee atadhani ni sensa na atakujibu kama anavyomjibu karani wa sensa. Ulizeni vitu vya kushikika: mlipika kwa kuni gani, nani alikuwa na saa, mlijuaje kwamba leo ni Jumapili. Kama mzee anazungumza Kibende au Kitongwe au Kirundi vizuri kuliko Kiswahili, mwacheni azungumze hivyo, tafsiri itafuata. Na mwende naye mahali penyewe kama miguu inaruhusu. Watu wa magharibi walihamishwa na Mwingereza kwa ajili ya malale, wakahamishwa tena wakati wa vijiji vya ujamaa. Mzee aliyehamishwa mara mbili, mahame ya kijiji chake humkumbusha kuliko maswali yako yote. Nakala moja ibaki kwa familia. Nyingine ibaki hapa shuleni. Ya tatu ipelekwe Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Nimeona kazi nzuri ikifa pamoja na simu iliyoangukia chooni.

Kuna jambo gumu nimeliacha mwisho kwa sababu sina fomula yake. Mwaka 1917 hadi 1920 Ugogo walikufa watu wanaokadiriwa 30,000 kwa njaa iliyoitwa Mtunya. Mvua zilikosekana, lakini kabla ya mvua kukosekana majeshi yalikuwa yamepita, ya Mjerumani na ya Mwingereza, yakachukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Aliyefungua ghala la bibi wa Kigogo kwa kitako cha bunduki alikuwa askari, Mwafrika, mwenye njaa naye. Huyo ndiye niliyekuwa nikimtetea tangu mwanzo wa mhadhara huu. Angekuwa hai leo, tungemuuliza habari za ghala? Na angetujibu?

Wapiganaji wetu walio hai nao wanayo maghala yao. Waliotoka Burundi wanayo, na baadhi ya waliotendewa nao mambo hayo wana watoto wanaoishi hapahapa. Mzee akikuambia jambo la aibu, au la hatari, muulize palepale anataka lifanyweje. Akisema lifungwe mpaka afe, lifungeni, mwandike tarehe juu ya bahasha na mmtii. Akisema lisikike, msilipambe. Na msimkatize kwa kumfariji. Anaweza kudhani hutaki kusikia.

Nimezidisha muda, mwalimu mkuu ananitazama. Maswali yameandaliwa na wanafunzi, lakini kuna mzee pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja Karema, na uso wake unasema nimekosea tarehe. Tuanze naye.